Miaka tisa na mtoto wa sikoseli hapa Kisumu: imani iliyonishika, na ile iliyokaribia kuniponyoka na mtoto

NyarKano, Kisumu (mleta uzi)

Bwana asifiwe, wapendwa. Mimi humu huwa nasoma tu na kupita. Leo naandika kwa sababu wiki jana mama mmoja mdogo aliketi kando yangu kwenye benchi la kliniki, mtoto wa miezi kumi mapajani, akanigeukia akaniuliza, "Mama, mimi nilimkosea Mungu wapi?" Kabla sijafungua mdomo nikaitwa ndani. Nilipotoka hakuwepo. Swali lile sijalala nalo vizuri tangu siku hiyo, kwa maana ni langu pia, nililibeba miaka. Nitalijibu hapa. Ni refu, mnivumilie.

Mimi ni mzaliwa wa uwanda wa Kano, upande wa Ahero. Tulipooana tulipanga chumba mtaa wa Nyalenda, hapa Kisumu, na mpaka leo niko hapo. Nauza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye soko la Kibuye. Kijana wangu ana miaka tisa, yuko gredi ya tatu.

Alipokuwa na miezi saba alivimba vidole vya mikono na nyayo, vikawa kama vimepuliziwa hewa. Alilia usiku kucha. Mama mkwe alisema ni kijicho cha watu, jirani akasema mtoto ameumwa na mdudu, nami nikakanda kwa maji ya moto nikiomba. Ilikuwa mara ya tatu ndipo muuguzi mmoja akamwangalia macho, akaona ile njano, akasema apimwe damu. Majibu yalitoka sikoseli, ugonjwa wa damu ambao kwenye vitabu huandikwa selimundu.

Nyumbani kwa mume wangu walisema kwao hakuna damu ya namna hiyo, nimeileta mimi. Baba yake alinyamaza. Nilimwangalia nikisubiri aseme neno moja tu, hata "ngoja kwanza". Mwaka uliofuata alienda Busia kutafuta kazi, na ile kazi ikammeza.

Kanisani nilikuwa naenda ibada ya kwanza ya Jumapili, halafu nakimbilia Kibuye, maana Jumapili ndiyo siku yenyewe ya soko. Nilikuwa na jumuiya yangu, familia kama kumi na tano, tunasali kwa zamu nyumba kwa nyumba. Lakini kijana alipofika miaka minne nilikuwa nimechoka na imani ya kawaida. Kila mwezi au miwili tunalazwa. Nilitaka imani yenye nguvu. Kuna mteja wangu akanipeleka kituo cha maombi, sitakitaja wala mji kilipo. Huko niliambiwa kila kidonge ninachompa mtoto ni kukiri ugonjwa, na ninachokikiri ndicho nitakachokipata. Niliambiwa nipande mbegu. Niliuza gunia zima la omena kwa bei ya hasara nikapeleka shilingi 6,000. Nikaacha dawa.

Nakiri mbele zenu na mbele za Mungu: wiki tano. Wiki nne za kwanza alikuwa mzima, anacheza, nikatoa ushuhuda mbele ya watu na mtoto nimemshika mkono. Wiki ya tano, saa nane usiku, aliniambia, "Mama, mfupa unauma," kisha akaacha kulia. Mzazi wa mtoto wa sikoseli anajua kimya cha namna ile. Mwendesha boda boda alitubeba mpaka hospitali bila kuniuliza nauli. Kipimo cha damu kilikuwa 4, chache mno. Nilipiga simu kule kituoni alfajiri. Nikaambiwa nilimruhusu shetani kwa shaka.

Naendelea chini, wateja wamefika.

NyarKano

Nimerudi.

Siku ya pili wodini aliingia bibi mmoja wa jumuiya yangu ya zamani. Nilikuwa sijaonekana huko karibu mwaka, na niliondoka nikiwa nimewaambia kwamba maombi yao ni ya baridi. Alikuja na chupa ya uji wa wimbi na shuka. Nilijiandaa kusutwa. Hakuuliza kitu. Alinimiminia uji, akakaa kwenye kile kiti cha chuma hadi muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nikashindwa, nikamwambia, "Mama, siwezi kuomba. Nikifunga macho naona hasira tu." Akatoa Biblia yake iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, akaniambia basi nisome hii, nayo ni maombi. Zaburi ya 88.

Kama hujawahi kuisoma, isome leo. Nilikuwa najua zaburi za malalamiko, ambazo mtu huanza kwa kulia halafu mwishoni anamsifu Mungu. Hii haigeuki. Inaanza na kilio, inaendelea na kilio, inamwuliza Mungu mbona unauficha uso wako, na inaishia gizani. Na bado iko ndani ya Biblia! Waliikusanya wakaiweka iimbwe hekaluni. Nilisoma nikalia mpaka mama wa kitanda cha pili akaja kunishika. Kumbe ningeweza kumwambia Mungu maneno hayo na bado nikawa mtu wake.

Halafu damu. Kijana aliongezewa, na wodi ikataka watu wa kutoa damu kurudisha ile iliyotumika. Yule bibi alikwenda kusema kwenye jumuiya. Walikuja sita, wawili wakarudishwa kwa kuwa damu yao wenyewe ilikuwa chache, wanne wakatoa. Mmoja wao ni mwanamume niliyekuwa nimegombana naye kwa ajili ya mchango wa matanga. Alitoka na pamba mkononi, akaniambia tu, "Nyar Kano, mtoto ameamkaje?"

Ndipo nilipoelewa kitu kuhusu Ayubu nilichokuwa nakipita tu. Wale rafiki zake watatu, kabla hawajaanza kumfundisha dini, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku na hakuna aliyemwambia neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa sana. Hiyo ndiyo kazi njema waliyoifanya. Walipofungua mdomo kumtafutia dhambi ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, siyo Ayubu aliyelia na kuhoji. Anasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu. Mimi nilikaa miaka minne chini ya mafundisho ya Elifazi, mmoja wa wale watatu, nikidhani ni ya Mungu.

Muuguzi Mstaafu, Siaya

Dada, asante kwa ujasiri. Nimefanya kazi wodi za watoto miaka mingi huku Nyanza na nimewaona wengi waliopitia ulipopitia. Niongeze machache kwa wanaosoma.

Ugonjwa huu mtoto haupati kwa mama peke yake. Haiwezekani. Lazima apokee nusu kwa mama na nusu kwa baba. Wazazi wote wawili huwa wazima wa afya, hawaumwi, hawajui, ila kila mmoja amebeba chembe moja ya urithi ya ugonjwa huu. Wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Na sababu ya chembe hiyo kuwa nyingi huku ziwani ni malaria: aliyebeba moja tu hukingwa na malaria kali, kwa hiyo babu zetu waliokuwa nayo ndio waliopona wakazaa. Haikuletwa na dhambi ya mtu.

Mtoto anywe maji mengi, asipigwe na baridi, asikose vidonge vya foliki na dawa ya kuzuia malaria kila siku. Wengi sasa wanatumia haidroksiyurea, hupunguza sana yale maumivu, lakini ni lazima damu ipimwe mara kwa mara. Mtoto mdogo, mama afundishwe kupapasa wengu, yaani bandama, upande wa kushoto wa tumbo. Bandama ikivimba ghafla au mtoto akipata homa, usingoje asubuhi.

Nami ni mtu wa kuomba. Niliomba kila zamu kabla sijavaa glavu.

Mlinzi wa Lango, Bungoma

Nimesoma yote. Pole dada. Lakini uzi huu utavunja watu moyo. Yesu anaponya hata leo. Yakobo 5 iko wazi, wagonjwa wapakwe mafuta na kuombewa, na kule kuomba kwa imani kutamwokoa mgonjwa. Manabii wa uongo wapo, nakubali, lakini usifundishe watu kukaa na ugonjwa kana kwamba ni zawadi.

NyarKano

Mlinzi, asante, nimekusoma kwa moyo mmoja, na sikatai kwamba anaponya. Kijana wangu nimemwombea uponyaji asubuhi hii hii.

Lakini tuisome Yakobo 5 pamoja. Inasema aliye mgonjwa na awaite wazee wa kanisa. Wao ndio wanaokuja kwake. Mgonjwa amelala, kanisa linatembea. Mimi niliambiwa nimbebe mgonjwa niende na bahasha. Yule bibi na uji wake ndiye aliyetimiza Yakobo 5, na siku ya nne alikuja na padri, kijana akapakwa mafuta hapo hapo kitandani, damu ikishuka kwenye mpira kuingia mkononi. Hakuna aliyeona kwamba mafuta na damu vinagombana.

Na kuna mtu nataka umtafute, Trofimo. Yuko mwishoni mwa barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 4. Paulo, mtume ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, anaandika kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Basi. Hamlaumu, hasemi imani yake ilikuwa ndogo. Anamtaja kama unavyomtaja rafiki uliyemwacha hospitali safari ikakulazimu. Mimi na kijana wangu tumeishi Mileto miaka mingi. Nashukuru kwamba mji huo nao umeandikwa.

Mwalimu wa Bondeni, Nakuru

Nilitaka kupita, ila hilo la Trofimo limenishika.

Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nililala Showground hapa Nakuru na familia yangu, pamoja na maelfu ya watu waliotoka kila upande wa Bonde la Ufa. Tuliacha nyumba, ng'ombe watatu na mahindi ghalani. Jumapili ya kwanza watu walikuja kutuhubiria kwa vipaza sauti, wakatuambia tusamehe. Maneno ya kweli, lakini sikusikia hata moja. Jioni mchungaji wa kule kwetu, ambaye naye alikuwa amechomewa nyumba, alitembea hema hadi hema na kitabu kidogo cha hesabu, akiandika nani hana blanketi na nani hajaonekana. Alipofika kwetu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akauliza majina ya watoto. Akasema, "Tuombe," akaanza, akashindwa katikati, tukakaa hivyo. Sala ile haikumalizika na ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote.

Kusamehe nilikuja kusamehe, ilinichukua miaka. Naamini kungenichukua mingi zaidi kama asingekaa juu ya ndoo ile.

Mlinzi wa Lango, Bungoma

Nimemtafuta Trofimo. Nimesoma Biblia tangu ujana na sikuwahi kusimama hapo. Bado nina mengi ya kusema kuhusu uponyaji, ila leo sitasema. Dada, naomba jina la utani la kijana nimweke kwenye maombi yangu ya alfajiri.

NyarKano

Mwite Opuk, kobe. Jumuiya humwita hivyo kwa sababu anatembea polepole na anafika.

Mwalimu, umenitoa machozi sokoni. Acha nimalizie sehemu ambayo sikutaka kuiandika.

Aprili 2024. Mnakumbuka mvua ile. Kano ilijaa maji, nyumba ya mama yangu ikaingiwa hadi dirishani, mpunga ukalala. Akaja Nyalenda na kuku wawili na godoro lililolowa, tukawa watu wanne chumba kimoja pamoja na binti wa dada yangu. Baridi ya maji ile ilimwingia kijana mifupani. Wakati huo huo madaktari walikuwa kwenye mgomo, ule ulioanza Machi ukaisha Mei. Tulizunguka. Kituo kimoja cha watawa kilitupokea, wakatulaza kwenye korido kwa kuwa vitanda vilijaa, na siwezi kuwalaumu, walikuwa wanakanyagana wenyewe kwa kazi.

Omena ikipigwa na mvua haikauki. Iliniozea. Chama chetu cha akiba kilinidai. Usiku wa tisa pale kwenye korido nilimwambia yule bibi, maana alikuja tena na miaka yake sabini na kitu, nilimwambia natamani nilale nisiamke. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Alinitazama kwa muda. Hakushtuka wala hakunikemea pepo. Akanishika mkono akanipeleka kwa mtawa wa zamu na kumwambia, "Huyu naye ni mgonjwa, mwangalie." Halafu akarudi kuketi na mtoto, nami nikalala chumba cha wauguzi saa sita mfululizo. Nilipoamka kulikuwa na ugali na sukuma na kipande cha samaki wa mbuta kimefunikwa kwa sahani. Nikala. Nikalala tena. Nikaamshwa nikala tena.

Siku nyingi baadaye alinisomea Eliya, 1 Wafalme 19. Eliya alikuwa ametoka kushusha moto mbinguni, imani kubwa kuliko ya nabii yeyote unayemwona kwenye bango. Na bado alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti wa mretemu, akamwomba Mungu afe. Nilisubiri nione Mungu atamkaripia vipi. Malaika alimgusa akamwambia, inuka, ule. Mkate umeokwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Akala, akalala. Akaguswa mara ya pili, ule tena, maana safari hii ni kubwa mno kwako. Mungu alijua safari ni kubwa mno kwake! Mahubiri yalikuja baada ya siku arobaini, na hata hayo yalikuja kwa sauti ndogo.

Kwa hiyo mama wa benchi la kliniki, kama unasoma: hukumkosea Mungu popote. Mlilie jinsi ulivyo. Usiache dawa kwa neno la mtu yeyote, hata akilisema kwa jina la Yesu. Na tafuta watu wa uji, maana mimi peke yangu nisingefika mwaka huu wa tisa. Siku nilizokuwa siwezi kuomba wao waliomba, nami nikahesabiwa kuwa nimo.

Baba wa Kwanza, Mumias

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi huu tangu jana na nimeusoma tena usiku.

Mtoto wetu wa kwanza ana mwaka mmoja na nusu. Alipimwa Juni, sikoseli. Mama yangu alisema maneno kwa mke wangu, yale yale aliyoyaandika dada, kwamba damu hiyo kwetu haipo. Mimi nilikuwa sebuleni. Nilinyamaza. Mke wangu alirudi kwao Butere na mtoto, sasa miezi miwili. Sikuwahi kujua kwamba nusu ni yangu mpaka niliposoma alichoandika mama muuguzi hapo juu.

Nataka kwenda kumchukua. Sijui niseme nini. Nimeokoka, ninaimba kwaya, na sijui niseme nini.

Muuguzi Mstaafu, Siaya

Mwanangu, afadhali umeuliza. Kabla ya yote, uliza kwa simu leo kama mtoto anapata dawa zake huko aliko na kama yuko kliniki.

NyarKano

Baba wa Kwanza, mdogo wangu, nimekaa na ujumbe wako tangu asubuhi. Kuna mtu mmoja Busia ambaye ningelipa chochote angeandika maneno hayo miaka minane iliyopita.

Fanya hivi. Jumatatu nenda ukapimwe damu wewe mwenyewe. Wataandika kwenye karatasi kwamba umebeba. Usimtumie mtu, wala usipige picha ukatuma kwa simu. Chukua gari uende Butere, ukifika wasalimie wakwe zako, ukae chini, na ile karatasi umpe mke wako mkononi, yeye kwanza. Mwambie ulikuwa sebuleni na ulisikia. Usiweke mstari wa Biblia hapo. Akikaa kimya, kaa naye. Akilia, usimwambie anyamaze. Hata akikwambia urudi nyumbani peke yako siku hiyo, mwachie pesa ya dawa na uulize utarudi lini.

Mkishakuwa wawili ndipo mwende kwa mama yako na karatasi zote mbili. Utakayesema ni wewe.

Kliniki yetu ni Jumatano. Nitamwambia Opuk akuombee, huwa anaomba kwa kuhesabu watu kwa vidole, na ana nafasi ya kidole kimoja.